Uzi maalumu: Frances Marion, Marie Dressler na wanawake walioibeba Hollywood ya mwanzo

Bint Mswada (mleta uzi)

Habari za jioni wadau. Humu jukwaani kila tukigusa sinema za zamani, mazungumzo huishia kwa Chaplin, John Wayne na Bruce Lee. Leo naomba zamu iwe ya akina mama: waandishi na waigizaji wa Hollywood tangu enzi za filamu bubu mpaka miaka ya 1940 hivi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, tutakutana kwenye nyuzi za mpira.

Usiku wa tarehe 5 Novemba 1930, tuzo za Oscar zinatolewa kwa mara ya tatu tangu zianzishwe. Tuzo ya uandishi inakwenda kwa The Big House. Hii ni filamu ya jela. Kijana kagonga mtu na gari akiwa amelewa, anatupwa selo moja na majambazi sugu. Gereza limefurika, chakula ni kibovu, bunduki zinapenyezwa chini kwa chini, mwisho wafungwa wanafanya vurugu hadi jeshi linaitwa. Karibu wanaume watupu humo ndani. Na aliyeiandika ni mwanamke, Frances Marion, aliyekuwa na miaka 41. Kabla ya kuandika alikwenda gereza la San Quentin, California, kujionea mwenyewe wafungwa wanavyoishi.

Ndiye mwanamke wa kwanza kupata Oscar ya uandishi. Miaka miwili baadaye akachukua ya pili kwa hadithi ya The Champ, ya bondia mlevi na mwanawe mdogo. Mpaka hapo hakuna mwandishi mwingine, wa kike wala wa kiume, aliyekuwa na Oscar mbili.

Sasa ninachotaka kusema mimi ni hiki: Frances hakufika pale kwa kipaji peke yake, na waigizaji aliowaandikia hawakufika kwa sura peke yake. Walishikana mikono. Mwenye kalamu alimwandikia rafiki yake nafasi nzuri, na mwenye jina kubwa alikataa kusaini mpaka rafiki yake awe mwandishi. Ukifuatilia filamu zao utaliona hili tena na tena.

Alizaliwa San Francisco mwaka 1888, jina lake halisi Marion Benson Owens. Alichora mabango, akaandika habari gazetini, kisha akahamia Los Angeles. Aliyempa kazi ya kwanza ya filamu alikuwa mwanamke mwenzake, Lois Weber, mwongozaji mkubwa wa wakati ule. Kwa Weber ulifanya kila kitu: leo unaigiza, kesho unakata mikanda, keshokutwa unaandika. Hakukuwa na chuo, chuo kilikuwa ndicho hicho.

Ngoja nipate chai, narudi na Mary Pickford.

Kijiwe Nongwa

Nakaa mkao wa kula. Tiririka dada.

Mzee wa Odeon

Kabla hujaendelea, swali la kiungwana. Mbona siku hizi mwandishi wa kike Hollywood ni habari ya kutangazwa gazetini, na wewe unatuambia miaka 100 iliyopita walikuwa wamejaa?

Bint Mswada

Shikamoo mzee. Walijaa kwa sababu kazi yenyewe haikuwa na heshima bado. Miaka ya 1910 sinema ilikuwa burudani ya senti chache kwa vibarua na wahamiaji. Wanaume wenye majina walikuwa kwenye tamthilia za jukwaani na vitabuni, hawakutaka kujichafua. Studio zilikuwa na njaa ya hadithi kila wiki, zikawa zinanunua kutoka kwa yeyote aliyetuma kwa posta. Anita Loos alituma hadithi ya The New York Hat, akalipwa dola 25, na mwongozaji D. W. Griffith akaipiga picha mwaka 1912 na Mary Pickford ndani yake. Hakuna aliyejali bahasha imetoka kwa nani. Baadaye huyo huyo Anita ndiye aliyeandika vile vibao vya maandishi vya filamu ya Intolerance ya 1916, vinavyosomwa katikati ya picha kwa kuwa hakuna sauti. Wale wanaojua filamu bubu wanaelewa: kibao kibaya kinaua picha nzuri, kibao kizuri kinachekesha hata picha iliyodorora.

Chuo cha Oscar, yaani taasisi inayotoa tuzo hizo, kilipoanzishwa mwaka 1927 kilikuwa na waasisi 36. Wanawake walikuwa watatu: Mary Pickford, na waandishi wawili, Jeanie MacPherson na Bess Meredyth. Watatu kati ya 36 si wengi, lakini angalia wawili kati yao walikaa pale kwa kazi gani.

Haya, Mary Pickford.

Huyu jina lake la kuzaliwa ni Gladys Smith, wa Toronto, Kanada. Baba alifariki mapema, mtoto akaingia jukwaani kulisha familia. Mwaka 1909 akaingia Biograph, studio ya New York, na ndani ya miaka michache akawa anapendwa kuliko mtu yeyote kwenye pazia. Watu humkumbuka kwa zile nywele za mizunguko. Mimi namkumbuka kwa mikataba. Mama yule alikuwa anajua hesabu za studio kuliko mhasibu wao, na mwaka 1919 yeye na Chaplin na Douglas Fairbanks na Griffith wakaanzisha United Artists ili wauze filamu zao wenyewe bila bosi juu.

Sasa mwaka 1917 Frances alimwandikia The Poor Little Rich Girl. Pickford ana miaka 24, anaigiza mtoto wa miaka 11. Walifanyaje? Mafundi walitengeneza viti, meza na milango mikubwa kuliko kawaida, ili akisimama kando yake aonekane kijitoto. Tazama anavyopanda kiti, miguu inaning'inia. Frances na Mary wakaongeza vituko ambavyo havikuwamo mwanzo, pamoja na ugomvi wa kurushiana matope. Mwongozaji, Maurice Tourneur, Mfaransa anayeheshimu sanaa, alichukia. Wakubwa wa studio walipoonyeshwa mkanda hawakucheka hata kidogo, na wale marafiki wawili wakaamini wameshajimaliza. Filamu ilipofika kwa watazamaji, watu walivunjika mbavu. Baada ya hapo Pickford hakutaka mwandishi mwingine. Mwaka huo huo wakatoa nyingine mbili pamoja, na mwaka uliofuata Stella Maris, ambamo Pickford anaigiza watu wawili: binti tajiri mgonjwa na yatima asiye na mvuto. Kama unamwona Pickford ni sura tu, kaangalie huyo yatima.

Nairobi Huyu

Hii stori ni tamu sana. Lakini wacha niulize, hawa wanawake walikuwa wanaandikia wanawake wenzao tu? Nikidhani ilikuwa mambo ya mapenzi na machozi.

Bint Mswada

Ndiyo maana nimeanza na jela, ndugu yangu wa Nairobi. Na nikuongeze moja. Mume wa Frances, Fred Thomson, aliwahi kuwa mchungaji na mwanariadha, kisha akawa staa wa filamu za kauboi, yeye na farasi wake Silver King. Watoto wa Marekani walimpenda mno. Filamu zake kadhaa zimeandikwa na mtu anayeitwa Frank M. Clifton. Huyo Frank hayupo. Ni Frances mwenyewe. Thomson alifariki siku ya Krismasi mwaka 1928 kwa pepopunda, akamwachia mke watoto wawili wadogo.

Na kabla ya hapo, vita vya kwanza vya dunia vilipokuwa vinaisha, alikwenda Ulaya kama mwandishi wa habari za vita kufuatilia kazi za wanawake wa Marekani kule. Mambo ya machozi alikuwa anayajua, lakini si ya kwenye leso.

Kijiwe Nongwa

Frank wa mchongo! Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Bint Mswada

Sasa kipande ninachokipenda kuliko vyote. Marie Dressler.

Fikirieni mwanamke mnene, mrefu, uso mpana, si mrembo kwa kipimo cha Hollywood ya juzi wala ya leo. Alizaliwa Kanada mwaka 1868. Alikuwa mchekeshaji mkubwa wa jukwaani, na mwaka 1914 ndiye aliyekuwa steringi wa Tillie's Punctured Romance, filamu ndefu ya vichekesho ambayo Chaplin yumo kama msaidizi tu. Wengi hatujui hilo. Chaplin alikuwa anamfuata Marie, si Marie kumfuata Chaplin.

Mwaka 1919 waigizaji wa jukwaani New York waligoma. Wasichana wa kwaya, wale wa kucheza nyuma, walikuwa wanafanyishwa mazoezi wiki nzima bila malipo na kununua viatu vyao wenyewe. Marie akaongoza chama chao. Waigizaji walishinda, yeye akapigwa pini. Wenye majumba ya maonyesho hawakusahau. Miaka ya 1920 kazi zikakauka, umri unasonga, akawa amechuja kabisa.

Frances alikuwa anamfahamu tangu siku zake za gazeti San Francisco, na mwaka 1917 alishamwandikia filamu moja. Sasa Frances yuko MGM, studio kubwa kuliko zote, na neno lake linasikika kwa Irving Thalberg, bosi wa utayarishaji. Akaandika The Callahans and the Murphys ya mwaka 1927, nafasi ya Marie ikiwa imeshonwa kwa vipimo vyake. Filamu ikaleta balaa: Wamarekani wenye asili ya Ireland wakaandamana kwamba imewadhalilisha, MGM wakaiondoa kwenye kumbi. Kwa mwigizaji wa miaka karibu 60 hapo kawaida ndiyo kwaheri.

Frances hakumwacha. Mwaka 1930 MGM wanatengeneza Anna Christie, filamu ambayo Greta Garbo atasikika sauti kwa mara ya kwanza. Dunia nzima inasubiri sauti ya Garbo. Frances ndiye anayeandika, na Marie akapewa nafasi ya Marthy, mlevi wa bandarini. Watu walikwenda kumsikia Garbo, wakatoka wanamzungumzia bibi mlevi. Itafuteni ile sehemu wamekaa meza moja baa, Garbo na Marie, muangalie Marie anavyofanya kwa macho tu, mdomo umefungwa.

Mwaka ule ule wakatoa Min and Bill. Marie ni mwenye gesti bandarini aliyelea mtoto wa kike aliyetelekezwa, na yuko tayari kufanya lolote mtoto asije akaangukia maisha ya pale gatini. Hapa kuna jambo jingine la Frances. Filamu ilitokana na riwaya ya Lorna Moon, mwandishi kutoka Scotland aliyekuwa anaumwa kifua kikuu. Frances aliwashawishi MGM wanunue kitabu ili mwenzake apate pesa za matibabu, halafu akaandika kitu tofauti kabisa na kitabu. Lorna alifariki mwaka huo huo wa 1930.

Tarehe 10 Novemba 1931 Marie Dressler akapewa Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Siku moja kabla alikuwa ametimiza miaka 63. Mwaka 1932 na 1933, wenye kumbi za sinema Marekani walipoulizwa ni staa gani anawajazia ukumbi kuliko wote, walimtaja yeye. Si Garbo, si Clark Gable. Bibi wa miaka 60 na zaidi. Na haya ni mambo ya wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, tiketi inanunuliwa kwa pesa ambayo ingenunua mkate. Nadhani watu waliona kwenye uso ule mtu aliyekwishapigwa na maisha na bado anatukana kwa sauti. Alifariki Julai 1934 kwa saratani.

Mzee wa Odeon

Marahaba binti. Hiyo ya Garbo niliwahi kuisikia, ya bibi sikuijua. Enzi zetu Dar hizo za kizungu hazikuwa na watu, foleni ilikuwa kwenye za Kihindi. Nargis katika Mother India, ukumbi mzima unalia, wanaume wanajifanya wamepatwa na mafua.

Unguja Ukuu

Assalaam alaykum. Nachangia kidogo kutoka visiwani. Mleta uzi ameuanza vyema, ila isiwe Hollywood peke yake iliyokuwa na wanawake wa shoka. Misri walikuwa na Aziza Amir. Filamu ndefu ya mwanzo ya Kimisri, Laila ya mwaka 1927, yeye ndiye aliyetia mtaji na yeye ndiye aliyeigiza. Bombay, Fatma Begum alikuwa anaongoza filamu zake mwenyewe mwaka 1926. Na Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, ambaye bibi zetu waliojua taarabu wakimtaja wanaweka mkono kifuani, aliigiza Widad mwaka 1936, picha ya mwanzo ya Studio Misr. Filamu za Misri na za Bara Hindi zikija Unguja tangu zamani, na nyimbo zake zikabaki kwenye harusi zetu hata baada ya kumbi kufungwa.

Bint Mswada

Waalaykumu salaam. Ahsante, hiyo ya Aziza Amir inastahili uzi wake wenyewe, ukiuanzisha nitag. Na kwa wanaouliza nani alianza kabisa duniani: Mfaransa Alice Guy. Alikuwa karani wa Léon Gaumont, muuza kamera, akaomba ruhusa apige vihadithi vifupi ilimradi asiache kazi za ofisi. Akaanza mwaka 1896. Baadaye akawa mkuu wa utayarishaji wa Gaumont, akahamia Marekani, na mwaka 1910 akaanzisha studio yake, Solax. Ukutani aliandika bango kubwa kuwaambia waigizaji wawe wa kawaida, waache kujitutumua. Hilo bango wengine tungelihitaji Kinondoni.

Mnyonge Mnyongeni

Samahani wote, nyinyi mnasifia tu. Hao akina Frances waliwafanyia nini watu wasio weupe? Maana nikiangalia hizo filamu, mtu mweusi ni wa kufungua mlango na Mchina ni wa kufua.

Bint Mswada

Swali zuri na halina jibu zuri.

Chukua The Toll of the Sea ya mwaka 1922. Ni miongoni mwa filamu za kwanza kabisa za rangi kutoka Hollywood, zile rangi mbili za Technicolor, nyekundu na kijani. Skripti ni ya Frances Marion. Steringi ni Anna May Wong, binti wa Kichina aliyezaliwa Los Angeles, ana miaka 17. Ni hadithi ile ile ya Madame Butterfly iliyohamishiwa Uchina: anamwokoa mzungu baharini, anampenda, anaachwa, anamtoa mtoto, anajimaliza. Kwa hiyo ndiyo, Frances alimpa nafasi kubwa, na ndiyo, ilikuwa nafasi ya kufa ili mzungu na mke wake mzungu waendelee na maisha. Anna May Wong analia pale kwa machozi ya kweli, kamera imemsogelea, na unaona kabisa huyu angekuwa mkubwa kama yeyote.

Hakuruhusiwa. MGM walipotengeneza The Good Earth mwaka 1937, filamu ya wakulima wa Kichina, nafasi ya mke wa mkulima akapewa Luise Rainer, Mjerumani aliyepakwa vipodozi. Mume alikuwa ameshapewa mzungu, Paul Muni, na kanuni za maadili za studio zilikataza mapenzi ya rangi mbili kwenye pazia. Wong akaambiwa afanye yule suria mwenye roho mbaya. Akakataa. Rainer akachukua Oscar.

Nairobi Huyu

Na Hattie McDaniel?

Bint Mswada

Hattie McDaniel, mtoto wa watu waliozaliwa utumwani. Mwimbaji wa bluzi kabla ya filamu, na amewahi kufanya kazi za ndani kweli, si za kuigiza tu. Gone with the Wind, filamu aliyoigiza yaya, ilipozinduliwa Atlanta mwezi Desemba 1939, waigizaji weusi hawakuhudhuria kwa sababu ya sheria za ubaguzi za kule. Tarehe 29 Februari 1940 akashinda Oscar ya mwigizaji msaidizi, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar yoyote. Hafla ilikuwa hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Hoteli haikupokea weusi, ikabidi mtayarishaji aombe kibali maalumu ili aingie, na akawekwa meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa filamu ile ile. Ameshinda, na bado alitembea kutoka kule ukutani hadi mbele.

Alisemwa sana na weusi wenzake kwamba anaigiza mayaya tu. Mimi siko upande wa wanaomlaumu. Kati ya watu wote waliokuwa na uwezo wa kumwandikia kitu kingine, hakuna aliyemwandikia. Hapa ndipo ule urafiki wa kalamu na sura ulipofika mwisho wake, maana Hattie hakuwa na Frances wake ndani ya MGM wala kwingine.

Alifariki mwaka 1952. Aliusia azikwe makaburi ya Hollywood, wakamkatalia kwa rangi yake. Oscar yake aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, ikapotea huko, na mwaka 2023 Chuo cha Oscar kikawapa nyingine badala yake.

Mtoto wa Momella

Nimesoma uzi wote kimya. Kuna mtu atakuja kutuambia kuhusu filamu ya Hatari! au mnatuacha watu wa Arusha?

Bint Mswada

Nilikuwa nakusubiri.

Hatari! ilitoka mwaka 1962 lakini ilipigwa Tanganyika kabla ya uhuru, mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, huko kwenu Momella, Arusha. John Wayne amekaa mbele ya gari na fimbo yenye kitanzi, wanafukuza vifaru. Waigizaji walifukuza wanyama wenyewe. Elsa Martinelli, Mwitaliano, ndiye yule mpigapicha anayelea watoto wa tembo mpaka anaitwa Mama Tembo.

Skripti ni ya Leigh Brackett. Mwanamke.

Mwaka 1944 aliandika riwaya ya upelelezi, ngumi na risasi tupu. Mwongozaji Howard Hawks akaisoma, akamwambia karani wake amwite yule jamaa Brackett. Akaingia binti wa miaka chini ya 30. Hawks akamwajiri hivyo hivyo, waandike The Big Sleep na William Faulkner. Faulkner akagawa sura za kitabu, hizi zako hizi zangu, kila mmoja akafunga mlango wake. Brackett alikuwa katikati ya kuandika hadithi ya kisayansi, akampa rafiki yake Ray Bradbury aimalizie. Ameandika pia Rio Bravo. Na kabla ya kufariki kwa saratani Machi 1978 alikuwa ameshakabidhi rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back, ya mfululizo wa Star Wars. Kwa hiyo ukitazama vita vya nyota, kuna mkono uliopita kwanza Momella.

Mtoto wa Momella

Weee! Babu yangu alikuwa anasimulia habari za wale wazungu na magari yao, hakuna siku ametaja kwamba aliyetunga alikuwa mwanamke.

Nairobi Huyu

Na tusimsahau mwigizaji Edwina Booth. MGM hao hao walituma watu 1929 kuja kupiga Trader Horn, wakapita Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo. Msichana akaumwa huku, akarudi Marekani akiwa hoi, ikamchukua miaka kupona. Aliwashtaki wakamalizana nje ya mahakama. Filamu ikafanya vizuri, yeye kazi ikaisha.

Bint Mswada

Umenikumbusha vizuri, na hiyo inajibu lile swali la Mzee wa Odeon la mwanzo, kwa nini walipungua. Studio zikawa viwanda. Miaka ya 1920 mabenki ya New York yakaingia, kampuni ndogo zikamezwa. Alice Guy akapoteza studio akarudi Ufaransa mwaka 1922. Lois Weber akabaki bila kazi ya maana. Sauti ilipokuja, mitambo ikawa ghali, na wale wanaume wa jukwaani na magazetini waliokuwa wanaidharau sinema wakapanda treni kwenda California. Kufikia miaka ya 1930 mwongozaji wa kike Hollywood alikuwa karibu mmoja tu, Dorothy Arzner. Waandishi wa kike walibaki kadhaa, ila kazi ikagawanywa: mmoja anaandika wazo, mwingine mazungumzo, wa tatu anabadilisha yote. Frances alishiriki kuanzisha chama cha waandishi mwaka 1933 akawa makamu wa rais wake, mwaka 1937 akaandika kitabu cha kufundisha uandishi wa filamu, na miaka ya 1940 akaondoka zake, akawa anachonga vinyago.

Mimi ni mwandishi wa tamthilia hapa mjini. Nimewahi kukuta jina langu limetolewa kwenye kazi niliyoiandika yote, na aliyenitetea alikuwa mwigizaji mkuu, dada mmoja, aliyesema hatokei seti mpaka jina lirudi. Likarudi. Ndiyo sababu nawasoma hawa kwa umakini.

Kijiwe Nongwa

Tupe pa kuanzia. Bando lipo.

Bint Mswada

Usianze na za 1917, utachoka. Anza na The Wind ya mwaka 1928, skripti ya Frances Marion kutoka riwaya ya Dorothy Scarborough. Lillian Gish mwenyewe ndiye aliyekipeleka kitabu kwa Thalberg na kumchagua mwongozaji. Waliipiga jangwa la Mojave, joto kali mpaka mikanda ikahifadhiwa kwenye barafu isiharibike, na upepo ulitengenezwa kwa mapangaboi ya injini za ndege yakimrushia Gish mchanga usoni. Aliwahi kuungua kiganja kwa kushika kitasa cha mlango. Ilitoka wakati watu wameshaonja filamu za sauti, ikaanguka sokoni. Leo inatajwa miongoni mwa filamu bubu bora kabisa.

Ukiimaliza, nenda Min and Bill, kisha Dinner at Eight ya 1933 ambayo Frances ameandika pamoja na Herman Mankiewicz, Marie Dressler akiwa staa wa zamani aliyefilisika. Sehemu ya mwisho anapoangaliana na Jean Harlow wakielekea mezani usiikose. Halafu The Toll of the Sea. Ile ya 1917, ya 1922 na ya 1928 hakimiliki zake Marekani zimeshaisha, kwa hiyo mtazipata bila wizi.

Unguja Ukuu

Nimeshafungua uzi wa Aziza Amir. Mleta uzi, nimekutag.